Bunduki ya upepo ya kaliba kubwa au .308: ipi inafaa kwa nguruwe mwitu na kulungu?

Swali: "Ninaishi Texas nikiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwenye ranchi ninayemfanyia kazi ameniruhusu kuwinda nguruwe mwitu wanaofukua malisho yake na, msimu ukifika, kulungu mmoja au wawili kwa ajili ya nyama ya nyumbani. Dukani nimeona bunduki ya upepo ya kaliba .457. Muuzaji anasema inaangusha hata nyati, haina kelele, haina masharti ya kisheria, na kwamba mtu asiye raia hawezi kumiliki bunduki ya baruti. Rafiki yangu anasema bunduki za upepo ni mchezo wa watoto, ninunue .308. Sijawahi kumiliki bunduki. Nyumbani Kigoma babu alikuwa na gobore, na siku moja ningependa kurudi na silaha hii. Nyumba za majirani ziko kama mita 400 kutoka malishoni. Ninunue ipi? Na je, hewa yake naweza kuijaza kwa kompresa ya matairi?"

Ndugu yangu, muuzaji na rafiki yako wamekosea wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na ndiyo maana wamekuacha njia panda. Muuzaji amekueleza mambo machache ya kweli na kuyaacha yale yatakayoamua kama mnyama atakufa upesi au atatokomea vichakani na jeraha. Rafiki yako naye anazifikiria bunduki ndogo za upepo tulizozizoea, zile za kupigia ndege na panya, akadhani zote ni ukoo mmoja. Nikikuelewa vizuri, una fedha za bunduki moja, una malisho ya kulinda na familia inayongoja nyama, una majirani wasio mbali, na hutaki kuvunja sheria ya nchi unayoishi. Nitakujibu kwa kuzingatia hayo yote. Namba kama .457 na .308 ni kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, na .308 ni bunduki ya baruti.

Nianze na hili la mchezo wa watoto. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyobuniwa na fundi Bartholomäus Girandoni, iliyobeba risasi takriban ishirini za mviringo na kuzirusha moja baada ya nyingine bila moshi, wakati askari wengine wa Ulaya walikuwa wakishindilia baruti mtutuni kila baada ya pigo moja. Bunduki ya upepo inayoaminika kuwa ya aina hiyo ndiyo Meriwether Lewis aliyosafiri nayo katika msafara wake na William Clark wa mwaka 1804 hadi 1806 kuelekea Bahari ya Pasifiki. Za leo zina nguvu zaidi. Texan ya kaliba .457, ambayo kampuni ya AirForce huiunda hapo hapo Texas, mjini Fort Worth, hutoa nishati ya zaidi ya futi-pauni 500, yaani jouli 680 hivi, na baadhi ya bunduki za kaliba .50 hukaribia jouli 1,000. Bastola ya milimita 9 inayobebwa na polisi wengi hutoa jouli 500 hivi. Jimbo la Texas lenyewe lilizikubali bunduki hizi kwa uwindaji wa kulungu mwaka 2018, kwa sharti kwamba risasi iwe na kipenyo kisichopungua inchi .30 na nishati isiyopungua futi-pauni 215, ambazo ni kama jouli 290. Kwa hiyo ile uliyoiona dukani ni silaha halali ya kuwindia, nayo inazidi kiwango cha sheria zaidi ya mara mbili.

Hata hivyo, kupita kiwango cha chini cha sheria hakuifanyi kuwa sawa na .308, na ili uone kwa nini, inafaa tutazame nguvu yake inatoka wapi. Baruti inapowaka ndani ya ganda la .308 huzalisha gesi ambayo shinikizo lake linaweza kufika pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Tangi la bunduki ya upepo hujazwa hadi pauni 3,000 kwa inchi ya mraba, na katika baadhi ya bunduki hadi 4,500. Hakuna ufundi unaoweza kuliziba pengo hilo lote. Mbunifu wa bunduki ya upepo hubaki na njia chache za kulipunguza, na ya kwanza ni kupanua tundu la mtutu, kwa sababu upepo uleule husukuma kwa nguvu zaidi tanga lililo pana: kitako cha risasi ya .457 kina eneo zaidi ya mara nne ya kile cha .22, na kwa shinikizo lilelile kinapata msukumo zaidi ya mara nne. Njia ya pili ni kurefusha mtutu ili hewa ipate muda wa kusukuma. Ya tatu huwashangaza wengi: ni kutumia risasi nzito. Risasi nyepesi hutoka mtutuni kabla hewa haijamaliza kazi yake, ilhali nzito hukawia, ikapokea msukumo kwa muda mrefu zaidi, na ikatoka na nishati kubwa zaidi ingawa mwendo wake ni mdogo.

Matokeo ya ufundi huo ni risasi iliyosubiwa kwa madini ya risasi matupu, nene, yenye uzito wa gramu 20 na kitu, inayokwenda takriban mita 240 kwa sekunde, chini kabisa ya mwendo wa sauti. Ya .308 ina uzito wa gramu kumi hivi, inatoka kwa mita 860 kwa sekunde, na mdomoni mwa mtutu ina jouli 3,600. Bunduki ya .243, ndogo yake, ina jouli 2,600 hivi; ile ya zamani ya .30-30 hukaribia hapo hapo. Risasi moja nzito ya bunduki ya marisawa ya geji 12 ina jouli 3,200. Na ile ndogo ya .22 ina jouli 180 tu. Ukizipanga zote mstarini, bunduki ya upepo unayoitaka iko mbali juu ya .22 na mbali chini ya nyingine zote.

Lakini jouli peke yake zinaweza kukupotosha. Risasi inayopita kwa kasi ya mita 600 kwa sekunde au zaidi huitanua nyama kwa ghafla pande zote za njia yake, na hupasua hata tishu ambazo haikuzigusa. Kwa sababu hiyo humvumilia kidogo mpigaji aliyekosea kwa vidole viwili au vitatu. Risasi ya bunduki ya upepo haina uvumilivu huo. Inaharibu kile inachokigusa: inafungua tundu la upana wake, zaidi kidogo ya sentimita moja, kutoka ubavu huu hadi ule, na mnyama hufa kwa kuvuja damu hadi ubongo unapokosa oksijeni. Mshale wa mwindaji huua kwa namna hiyohiyo ukiwa na jouli 100 hivi. Kwa hiyo jouli 680 zinatosha kabisa kwa kulungu wa mkia mweupe zikipita katikati ya mapafu yote mawili, na jouli 3,600 hazitoshi zikipita tumboni. Ni kweli kwamba nyati wa Marekani wamewahi kuangushwa kwa bunduki kubwa za upepo. Waliangushwa na wawindaji wazoefu, kutoka karibu, mnyama akiwa amesimama ubavu wazi, na habari hiyo haikusaidii chochote wewe ambaye ndiyo kwanza unaanza.

Uijue pia tabia ya mnyama aliyepigwa hivyo. Kulungu aliyetobolewa mapafu kwa risasi ya taratibu mara nyingi hukimbia mita 50 hadi 100 kabla ya kuanguka, na asiyejua hudhani amemkosa. Tulia mahali pako kwa nusu saa, halafu ufuate damu polepole. Ukimkimbilia mapema, atajikokota hadi mahali usipoweza kumfikia.

Nguruwe mwitu ni mgumu zaidi. Moyo na mapafu yake viko chini na mbele kuliko vya kulungu, karibu na usawa wa bega, na dume aliyekomaa ana ngao ya ngozi nene na ngumu iliyofunika mabega. Kwa ajili yake ningechagua risasi ya madini matupu yenye pua bapa na isiyo na tundu. Zile zenye tundu puani husifiwa sana madukani kwa kuwa hutanuka ndani ya mnyama, lakini kutanuka hula nishati, na jouli 680 hazitoshi kutanua risasi na kuivusha kwenye ngao kwa wakati mmoja. Mimi ningeitumia nishati hiyo yote kuipitisha ng'ambo, kwa sababu tundu la kutokea ndilo linalomwaga damu utakayoifuata.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu linapaswa kuamua ununuzi wako, nalo ni umbali. Risasi inayokwenda taratibu huanguka sana njiani. Tuseme umeisawazisha darubini ya hiyo .457 ili risasi ipige pale unapolenga kwa mita 50. Kwa mita 75, risasi hiyohiyo itapiga kama sentimita 15 chini ya pale ulipolenga, na kwa mita 100 itakuwa karibu nusu mita chini. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita 20 hivi, maana yake una sentimita 10 tu za kukosea juu au chini ukilenga katikati. Mtu akiukadiria umbali kwa jicho jioni, akadhani mnyama yuko mita 50 kumbe yuko 75, atamvunja mguu au kumchana kifua kwa chini hata kama mkono wake haukutikisika. Kwa .243 iliyosawazishwa kwa mita 100, mnyama akiwa mita 200 risasi huanguka sentimita kumi hivi. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya silaha hizi mbili, na muuzaji hakukutajia. Anayetumia bunduki ya upepo ni lazima awe na kipima umbali cha leza, ajiwekee mpaka wa mita 50 au 60, na awe na nidhamu ya kumwacha mnyama mzuri aliyesimama mita 90.

Ukiniuliza inafanana na silaha gani unayoijua, nitakutajia gobore la babu yako. Inarusha donge zito la risasi kwa mwendo mdogo, inataka uwe karibu, na inataka pigo la kwanza liwe ndilo. Hata kujaza upya kunakaribiana, kwa sababu kila pigo hupunguza hewa ya tangini na lifuatalo hutoka likiwa hafifu kidogo. Nyingi za kaliba hii hutoa mapigo mawili hadi manne unayoweza kuyategemea, kisha risasi huanza kupiga chini zaidi ya ulivyotarajia. Kwa kulungu mmoja hilo si tatizo. Kwa kundi la nguruwe kumi na wawili waliofika kwenye mahindi uliyoyamwaga kuwavutia, ni tatizo kubwa, hasa ukiwa umejeruhi mmoja na wengine wanakuzunguka gizani.

Kuhusu kompresa ya matairi, jibu ni hapana kabisa. Hiyo hufika pauni 120 au 150 kwa inchi ya mraba, na tangi lako linataka 3,000 au zaidi. Utahitaji pampu maalumu ya mkono, ambayo kwa tangi la kaliba hii ni kazi ya kuchosha sana, au mtungi wa hewa kama ule wa wapiga mbizi, au mtungi wa nyuzi za kaboni unaobeba pauni 4,500, au kompresa maalumu ya shinikizo kubwa. Maduka ya wapiga mbizi hujaza mitungi kwa malipo madogo, ila uulize kwanza, maana yapo yasiyofika pauni 4,500. Mitungi hii hupimwa upya na kituo kilichoidhinishwa kila baada ya miaka mitano, na mingi ya nyuzi za kaboni huondolewa kazini ikifikisha miaka 15. Gharama hizi zote zijumlishe kabla ya kulinganisha bei. Bunduki yenyewe kwa kawaida hupita dola 1,000 na vifaa vya hewa huongeza mamia kadhaa, wakati .243 au .308 ya kawaida na mpya hupatikana kwa dola 400 hadi 600. Risasi za bunduki ya upepo zinaweza kukugharimu kidogo ukijifunza kuzisubu mwenyewe. Ukizinunua tayari, nafuu yake si kubwa kama ulivyoambiwa.

Nisikilize vizuri hapa, maana watu huumia. Tangi la bunduki ya upepo lijazwe hewa ya kawaida iliyokaushwa na kusafishwa. Usiweke oksijeni ya hospitali wala ya mafundi wa kulehemu hata mara moja, kwa kuwa oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na chembe ya mafuta hulipuka. Kwa sababu hiyohiyo usipake mafuta ya kawaida ya bunduki kwenye vali au mahali pa kujazia. Tumia kilainishi ambacho mtengenezaji amekitaja. Tangi likianza kuvuja, lipeleke kwa fundi anayezijua bunduki hizi. Usilifungue mwenyewe likiwa na hewa ndani.

Kelele je? Bunduki ya .457 isiyo na kizuia sauti hulia kwa nguvu, kiasi cha kushindana na .22 au kuipita, na unapaswa kuziba masikio. Iliyotoka kiwandani na kizuia sauti ndani ya mtutu hulia kidogo sana, na kwa kuwa risasi haivunji mwendo wa sauti, hakuna ule mpasuko unaoifuata risasi ya .308. Jirani aliye mita 400 huenda asishtuke. Hii ndiyo sifa yake ya kweli, na kwa mtu anayelinda malisho usiku karibu na nyumba za watu, ni sifa kubwa. Ila usijitengenezee kizuia sauti cha kufunga na kufungua. Kikiweza kufungwa kwenye bunduki ya baruti, kinaweza kuhesabiwa kuwa kifaa kinachodhibitiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, na hilo ni kosa la jinai.

Upole wa sauti usikufanye usahau kwamba risasi inaendelea na safari. Donge la gramu 20 na kitu lililokosa mnyama na kupita juu ya kilima linaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na nyumba za majirani ziko mita 400. Ya .308 huenda kilomita kadhaa. Risasi nzito ya taratibu ina hatari yake nyingine, kwani haivunjikivunjiki inapogonga jiwe au ardhi kavu, bali hudunda na kushika njia usiyoitarajia. Kwa bunduki yoyote utakayochagua, jenga ulingo wa mita tatu au nne, uelekeze upande usio na nyumba, ili kila pigo liende chini na kuzama ardhini nyuma ya mnyama. Kama mahali nguruwe wanapokuja haparuhusu hilo, hamisha mahindi ya kuwavutia hadi mahali panaporuhusu.

Sasa sheria, ambako muuzaji amekupotosha zaidi. Sheria ya shirikisho la Marekani haiihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha ya moto, kwa kuwa haitumii mlipuko, na ndiyo maana unaweza kuinunua Texas bila fomu. Majimbo mengine yana mtazamo tofauti. New Jersey, kwa mfano, inaihesabu sawa na bunduki nyingine, hivyo usivuke nayo mipaka bila kuuliza. Lakini si kweli kwamba asiye raia hawezi kumiliki bunduki ya baruti. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho, akijaza fomu iitwayo 4473 dukani na kupita uchunguzi wa kumbukumbu zake. Waliozuiwa kwa jumla ni wasio na kibali halali cha kuwepo nchini na wenye viza za muda, na hao wa viza wana misamaha michache, ukiwemo wa mwenye leseni halali ya uwindaji. Fomu hiyo ina swali la uraia. Jibu kweli, polepole, ukisoma kila neno, na ukikwama mwombe mtu unayemwamini akusomee. Kudai kwamba wewe ni raia wa Marekani wakati si raia kunaweza kukufanya ufukuzwe nchini, hata kama uliweka alama hiyo kwa haraka tu, na makosa ya silaha nayo yana adhabu hiyohiyo kwa asiye raia. Kama umewahi kukamatwa kwa jambo lolote, hata dogo, kaa kwanza na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujashika bunduki yoyote, ya upepo au ya baruti.

Leseni ya uwindaji ni jambo jingine kabisa, na haihusiani na aina ya bunduki. Kwa kulungu unahitaji leseni ya Texas pamoja na lebo zake, na kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 anapaswa kupitia mafunzo ya uwindaji. Kwa nguruwe mwitu, tangu mwaka 2019 leseni haihitajiki katika ardhi ya mtu binafsi mwenyewe akiridhia, na wanaweza kuwindwa hata usiku. Ile .22 ndogo hairuhusiwi kwa kulungu. Kanuni hizi hurekebishwa, kwa hiyo kila mwaka pitia kijitabu kipya cha idara ya wanyamapori ya jimbo.

Kuhusu kurudi nayo Kigoma, nakushauri uiondoe hoja hiyo katika hesabu zako. Kuitoa silaha Marekani kuna taratibu zake, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji wenyewe unahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Yote hayo ulizia kwa maandishi kabla ya safari, kwani silaha iliyokutwa mizigoni bila kibali inaweza kukufikisha mahakamani. Nunua kinachofaa kwa kazi ya Texas.

Kazi hiyo ina njia nyingine pia. Bunduki ya marisawa yenye risasi moja nzito huangusha nguruwe vizuri ndani ya mita 70 au 80, lakini teke lake begani ni kali na mwanafunzi hujifunza haraka kufumba macho. Ya .30-30 ni nyepesi, inapendeza vichakani na inatosha kabisa hadi mita 150. Ipo pia .300 Blackout, ambayo kwa risasi zake za taratibu na kizuia sauti kilichosajiliwa hutoa jouli 650 hivi, karibu sawa na bunduki yako ya upepo, ikiwa na risasi nyingi mfululizo na bila mitungi. Anayevutiwa na bunduki ya upepo kwa sababu ya kimya tu anapaswa kuifikiria hii kwanza, ingawa usajili wa kizuia sauti unataka subira.

Kwa mtu katika hali yako, aliye na fedha za bunduki moja, asiye na uzoefu, anayetaka kulungu wa nyama na nguruwe wanaokuja kwa makundi, mimi ningenunua .243. Teke lake ni dogo kuliko la .308, na kwa anayejifunza hilo lina thamani kuliko jouli elfu moja za ziada, kwa sababu asiyeogopa bunduki yake hufyatua kwa utulivu na risasi huenda alikolenga. Kwa risasi ya gramu sita na nusu iliyotengenezwa kwa ajili ya kulungu, inamtosha kulungu yeyote wa Texas na nguruwe walio wengi. Ukiipata .308 nzuri kwa bei nzuri, rafiki yako hatakuwa amekushauri vibaya. Bunduki ya upepo ningeiweka ya pili, na ningeifanya ya kwanza kwa sharti moja tu: kwamba kila pigo utakalopiga litatoka kwenye ulingo ulio ndani ya mita 60 kutoka kwenye mahindi, na kwamba mwenye ranchi amekwambia wazi hataki mlio wa baruti karibu na ng'ombe wake na majirani. Kama hali yako ni hiyo hasa, inunue bila haya. Mahali pake ni hapo, na hapo inafanya kazi vizuri sana.

Mafunzo ya uwindaji yafanye ana kwa ana hata kama yapo ya mtandaoni, na umwombe mkufunzi akutazame ukifyatua, maana maandishi hayawezi kuona kama unavuta kifyatulio kwa pupa. Nyumbani ifungie bunduki kabatini, na ya upepo vilevile: ikiwa imejaa hewa na ina risasi mtutuni, kwa mtoto ni bunduki kama nyingine. Siku ya kuchuna nguruwe vaa glavu na uipike nyama hadi iive kabisa, kwa sababu nguruwe mwitu wa Texas wanaweza kubeba brusela, ugonjwa unaoambukiza na binadamu, na ukipata homa isiyoeleweka wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba ulichuna nguruwe.

Na kama moyo bado uko kwenye ile .457, usilipe kabla hujaijaribu. Ijaze hadi shinikizo lililoandikwa, weka karatasi mita 50, na ufyatue mapigo manne mfululizo bila kuongeza hewa, ukiandika kila risasi ilipotua. Mapigo yatakayobaki ndani ya duara la sentimita kumi ndiyo idadi ya mapigo uliyo nayo ukiwa ulingoni. Muuzaji akikataa kukuruhusu, au akisema hakuna haja, nenda duka jingine.